UZI: Filamu fupi ya shule kwa simu moja – dakika tano, siku nne za kupiga

Kibatari (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya vijana wa sekondari wanaotaka kutengeneza filamu na wenzao darasani ni mengi na majibu yametawanyika. Tuyakusanye hapa. Nachukulia hali ya kawaida: filamu ya dakika tano, simu moja ya Android ya bei ya kati, wanafunzi kumi na wawili wa klabu, na muda wa kupiga ni baada ya vipindi, saa 9:30 alasiri hadi saa 11:30 jioni, kwa siku nne. Mwenye kamera kubwa na taa za kukodi afungue uzi wake.

Kinachoua filamu nyingi za shule si kamera. Ni skripti iliyozidi muda. Ukurasa mmoja wa A4 uliochapwa kwa mpangilio wa skripti, Courier saizi 12, ni takriban dakika moja kwenye skrini. Kurasa za daftari hazina kipimo hicho, kwa hiyo someni kwa sauti huku mmoja ameshika saa, na wasomaji waweke ndani kutembea, kufungua mlango na kunyamaza. Ikisomeka dakika saba, msijidanganye kwamba itapungua wakati wa kuhariri. Kateni hadi isomeke dakika nne na nusu.

Sasa hesabu. Dakika tano ni kama shoti 35 hadi 45 (shoti ni kipande kimoja cha picha kisichokatwa). Kikosi kinachojifunza hukamilisha mikao minane hadi kumi ya kamera (yaani mara unazoiweka kamera upya) kwa saa mbili, maana robo saa ya mwanzo inaishia kupanga madawati na kuwaomba watu watoke dirishani. Siku nne ni mikao 32 hadi 40. Hapo hamna nafasi ya "twende na sokoni". Maeneo matatu yanatosha, yote ndani ya uzio wa shule, na wenye maneno wasizidi wanne.

Pangeni shoti kwa mahali na kwa upande kamera inakoangalia, si kwa mfuatano wa hadithi. Kama sini (tukio la mahali na wakati mmoja) ya kwanza na ya mwisho zote ni darasani, zipigwe siku moja. Shoti zote zinazoangalia ubao zimalizwe, ndipo kamera igeuzwe kuangalia nyuma ya darasa. Kugeuza kamera mara sita kwa siku ni kupoteza saa nzima bila kujua imeenda wapi.

Majukumu: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, mtunza kumbukumbu, msimamizi wa ratiba, na wawili wa kulinda mlango na korido. Hao walinzi msiwadharau. Mhariri asiwe mwongozaji. Mwongozaji hukumbuka jinsi shoti ilivyowatoa jasho, basi anashindwa kuikata.

SautiKwanza

Mkuu umefungua vizuri. Mimi nibaki kwenye sauti.

Darasa la kawaida lina sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ya mabati. Mwigizaji akikaa mita tatu kutoka kwenye simu, unarekodi mwangwi zaidi ya mtu. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kusogeza maiki, si kuongeza sauti baadaye.

Maiki ya kubana shatini yenye waya inatosha. Boya BY-M1 ina waya wa mita 6 na inapatikana kirahisi. Ina swichi: upande mmoja simu, upande mwingine kamera. Ikiachwa upande usio wake, unaweza kurekodi siku nzima bila kitu cha maana. Na baadhi ya programu za kamera hupuuza maiki ya nje kabisa. Jaribio ni la sekunde kumi: anza kurekodi, kwaruza maiki kwa ukucha, sikiliza. Kama mkwaruzo hausikiki karibu, simu inatumia maiki yake yenyewe.

Ibane shubiri moja chini ya kidevu. Sare ina bahati hapa, kwani fundo la tai linaficha maiki vizuri. Lakini usiiache ielee ndani, itasugua kitambaa kila mtu akipumua. Kunja kipande cha selotepu kiwe pembetatu, gundi nje pande zote, bandika maiki kwenye tai; kingine kishike waya kwenye shati sentimita tano chini yake, ukiwa umelegea kidogo kati ya selotepu hizo mbili.

Hamna maiki? Simu ya pili iwe kinasa sauti. Iwekwe mezani nyuma ya rundo la vitabu, nusu mita kutoka mdomoni, juu ya sweta iliyokunjwa ili isibebe kila kiwiko kinachogonga dawati. Rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyokandamizwa), 48 kHz. Halafu pigeni kofi moja mbele ya kamera kwenye kila teki (kila mara mnaporudia kupiga shoti), hilo ndilo litakalounganisha picha na sauti baadaye. Kofi lipigwe karibu na simu ya sauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kofi la umbali wa mita 13 na nusu huchelewa karibu fremu nzima kwenye video ya fremu (picha) 25 kwa sekunde.

Mwangwi unapunguzwa na vitu laini. Magodoro mawili ya bweni yakisimamishwa nyuma ya kamera, na khanga au blanketi kwenye ukuta usioonekana, utasikia tofauti papo hapo. Zima pangaboi. Jua likijificha wingu lilipotanda, mabati yanapoa na kupasuapasua, subirini yatulie. Mvua ikianza juu ya mabati, fungasheni. Pigeni shoti zisizo na maneno.

Kabla hamjaondoka kila mahali, wote wanyamaze sekunde 30 na mrekodi ukimya wa chumba. Mhariri ataweka ukimya huo chini ya sini nzima ili maungio ya sauti yasisikike.

Dogo_FormThree

Shikamooni wakuu. Uzi huu umenifaa. Naomba msaada wa mambo mawili. Moja, tukiweka video kwenye kompyuta, mwanzoni sauti iko sawa lakini ikifika katikati midomo na maneno vinaachana. Mbili, darasani taa zikiwaka kuna mistari ya giza inapanda kwenye video, kwa macho haionekani.

FremuKwaFremu

Marahaba dogo. Maswali yako yote mawili yana majibu ya uhakika.

Kwanza pima pengo. Kama sauti imepishana kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, ni suala la kuisogeza tu. Kama pengo linakua kadiri video inavyoendelea, tatizo ni mwendo wa fremu. Simu hairekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Kwenye mwanga hafifu inazipunguza yenyewe ili ipate mwanga zaidi, kisha inarudi juu. Programu nyingi za kuhariri zinatarajia mwendo usiobadilika, ndipo zinapotea njia. Dawa: pitisha kila faili kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha faili za video, ni ya bure. Sehemu ya video chagua fremu 30 (au 25 kama ndizo mlizopigia), weka alama kwenye "Constant", ubora RF 18 hadi 20, na sauti ibaki 48 kHz. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuhariri. Ukifanya katikati ya kazi utaanza upya.

Kama sauti ilirekodiwa kwa simu nyingine, kuna sababu ya pili: saa za vifaa viwili hazilingani kabisa, na teki ikiwa ya dakika kumi zitaachana fremu chache. Fanyeni teki fupi, kila moja na kofi lake.

Mistari ya giza ni umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa za tyubu au LED za bei ndogo humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya simu (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) inaona. Tumia programu inayokuruhusu kuweka shata kwa mkono, kwa mfano Open Camera, ambayo ni ya bure. Kama simu yako inaruhusu, weka 1/50 au 1/100 ya sekunde. Hapo kila fremu inabeba mimeto kamili na mistari inapotea. Kama simu hairuhusu, tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuchagua 50 Hz. Ikikosekana hata hiyo, zimeni taa mfungue madirisha.

Nahodha wa Kigamboni

Nyongeza kwa mkuu hapo juu: wanasema kwa nchi za 50 Hz mtu apige fremu 25, si 30. Sasa hawa madogo wafuate lipi?

FremuKwaFremu

Kama simu ina 25, piga 25 na shata 1/50, mambo yameisha. Simu nyingi za bei ya kati hazina. Fremu 30 na shata 1/50 inafanya kazi vilevile. Kosa ni kuchanganya: simu moja 25, nyingine 30, halafu zote kwenye filamu moja. Mwendo wa mtu anayetembea utakuwa unakwamakwama.

BibiKumbukumbu

Nazungumzia yule mtunza kumbukumbu, maana kwenye shule nyingi anapewa mtu aliyekosa kazi nyingine, na ndiye anayeokoa filamu au kuizamisha.

Angalieni ubao wa darasani. Kona ya juu kuna tarehe, somo, na idadi ya waliopo na wasiopo. Mkipiga nusu ya sini Jumanne na nusu Alhamisi, mtazamaji anaona tarehe imeruka siku mbili katikati ya sentensi ya mwalimu. Ubao ufutwe, uandikwe na mtu mmoja kwa mwandiko uleule siku zote, na upigwe picha kabla ya kuondoka. Siku inayofuata unaandikwa upya kwa kufuata ile picha, hadi mahali chaki ilipokatika.

Mengine ya kuandika: mikono ya shati imekunjwa au la, tai imelegea kiasi gani, kalamu iko mkono gani, begi liko bega gani, saa ya ukutani (bora iondolewe kabisa), na nani amenyoa. Hilo la mwisho si utani. Ijumaa kuna ukaguzi wa nywele, Jumatatu shujaa wenu anarudi na kichwa kingine. Malizeni sini zake kabla ya ukaguzi.

Kibao cha teki msikinunue. Kipande cha ubao na chaki: "Sini 3, shoti 2, teki 4". Kwenye daftari, kila teki iandikwe neno moja: nzuri, mbaya, sauti, maneno. Mhariri mwenye daftari hilo anatafuta shoti kwa dakika chache. Asiye nalo anaangalia faili 120 moja baada ya nyingine.

Na mstari jamani. Watu wawili wakiongea, chora mstari wa kufikirika kati yao, kamera ibaki upande mmoja siku zote. Ukiuvuka, wote wawili wataonekana wanaangalia upande mmoja kama wanasubiri daladala.

Mchoramwanga

Shati jeupe la sare ndilo adui wa nyuso zetu. Simu inapima mwanga kwa picha nzima. Ikiona mashati kumi meupe inashusha mwanga, na uso unakuwa kivuli chenye meno. Bonyeza skrini juu ya uso hadi kufuli itokee, kisha shusha mwanga taratibu na usimame pale mikunjo ya shati inapoanza kuonekana. Shati likibaki jeupe tupu bila mkunjo, limeungua, hakuna programu ya kulirudisha. Njia rahisi kuliko zote ni kumvalisha mwigizaji sweta ya shule. Kola pekee ndiyo inabaki nyeupe.

Msimweke mtu mgongo wake dirishani. Dirisha liwe ubavuni mwake, na upande wa giza msimamishe manila nyeupe umbali wa mita moja hadi uso upate uhai. Kwa nje, saa sita mchana macho yote ni mashimo. Saa 10 hadi saa 12 jioni ndiyo yenu, ila kumbukeni jua likizama huku kwetu giza linafika ndani ya dakika ishirini na ushei. Shoti ya jioni iandaliwe saa 11, waigizaji wakiwa wamesimama tayari.

Mengine kwa haraka. Futa kioo cha kamera, kina mafuta ya vidole. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, maana simu ikipigwa rekodi inakatika. Hamna stendi, mfuko wa kilo moja ya maharage juu ya dawati unashika simu vizuri kuliko mkono wa mtu yeyote. Juani, toa kava na mwekee simu mwavuli. Ikichemka inafunga kamera yenyewe, na kuichaji kwa pawabanki wakati huohuo kunaongeza moto.

Mlezi_wa_Klabu

Walezi wenzangu, upande wa karatasi.

Shule nyingi Tanzania haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Basi simu ya filamu iwe ya mwalimu au ya ofisi, itolewe kwa kusaini, irudi kwa kusaini, na kadi yake ya laini itolewe. Hilo linamtuliza hata mwalimu wa nidhamu. Barua kwa mkuu wa shule iambatane na skripti nzima, majina ya washiriki, siku na saa. Msipeleke "wazo". Mkuu wa shule anaidhinisha anachokisoma.

Wote walio chini ya miaka 18 ni watoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mzazi asaini fomu inayotaja wazi filamu itaonyeshwa wapi: shuleni tu, kwenye mashindano, au mtandaoni. Ni visanduku vitatu tofauti. Mzazi akiweka alama kwenye kimoja, si ruhusa ya vyote. Na jina la mwanafunzi kwenye orodha ya mwisho liwe la kwanza tu kama filamu itapanda mtandaoni.

Mkitaka kuionyesha kwa umma nje ya shule, anzieni kwa afisa utamaduni wa wilaya mapema, awaelekeze taratibu za Bodi ya Filamu. Msisubiri wiki ya onyesho.

Mwalimu_Drama_254

Salamu kutoka Kenya. Huku filamu ni sehemu ya tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, na kosa kubwa tunaloliona ni shule kuandika skripti kwanza, kanuni zikasomwa baadaye. Waraka wa mwaka husika usomwe kabla ya yote: urefu, mada, nani aruhusiwe kushika kamera na kuhariri. Kingine, mchezo wa jukwaani ukirekodiwa hauwi filamu. Mwigizaji wa jukwaa hurusha sauti hadi safu ya nyuma. Kwenye klozapu (picha ya karibu ya uso) anaonekana anagombana na kamera. Mwambie aongee na mtu aliye hatua mbili mbele yake.

Dogo_FormThree

Ahsanteni sana wakuu. Swali la mwisho, kompyuta za shule ni za RAM GB 4. Tunaweza kuhariri? Na nafasi kiasi gani tuwe nayo?

FremuKwaFremu

Mnaweza. DaVinci Resolve ni nzuri lakini inapendekezewa RAM GB 16, itawafia mikononi. Tumieni Shotcut au Kdenlive, zote za bure. Washa "proxy", yaani programu itengeneze nakala nyepesi za video mnazohariri nazo, na mwishoni itumie zile halisi.

Nafasi: video ya 1080p kwa kiwango cha megabiti 17 kwa sekunde inakula kama MB 130 kwa dakika. Mkirekodi dakika 40 kwa ajili ya filamu ya dakika tano, ni karibu GB 5. Nakala mbili, GB 10: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski au flashi inayolala kwenye droo ya mwalimu. Simu isifutwe hadi mtu amefungua faili za pande zote mbili na kuziona zinacheza.

Uhamisho ufanyike kwa waya. WhatsApp ikituma kama video inaikandamiza hadi nyuso zinakuwa uji. Ikilazimu, tumeni kama dokumenti.

Majina ya faili: S03_SH02_T04, yalingane na kibao. Hariri kwanza hadithi nzima ikiwa mbichi, bila muziki wala rangi. Kwenye kipimo cha sauti cha programu, maneno yakae karibu na desibeli -12, vilele visipite -6. Faili la mwisho litolewe kwa H.264, 1080p, megabiti 12 kwa sekunde, sauti AAC 48 kHz. Dakika tano zitakuwa kama MB 450.

Nahodha wa Kigamboni

Na muziki? Vijana wanachukua tu wimbo unaotamba.

Mlezi_wa_Klabu

Wimbo una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haina dirisha la "ni ya shule tu" kwa filamu inayopandishwa mtandaoni. Kuna maktaba ya bure ya YouTube, lakini mimi ningechukua kwaya ya shule au vijana wa ngoma wapige sekunde 40 bwaloni, maiki ikiwa mita mbili. Wasaini fomu kama waigizaji.

SautiKwanza

Nimalizie na siku ya kuonyesha, maana hapo watu hujisahau. Projekta ya waya wa VGA haibebi sauti kabisa, na ya HDMI huwa na spika yenye nguvu ya redio ndogo. Njooni na waya wa jeki ndogo ya 3.5 mm kwenda pini mbili, nyekundu na nyeupe, mchomeke kwenye mikisa ya spika za shule. Chezesheni kwa VLC kutoka kwenye kompyuta, si kwenye flashi. Kama kuna manukuu, faili la .srt liwe na jina lilelile la video, litajifungua lenyewe. Madirisha ya bwalo yazibwe na mablanketi, na mpime sauti mapema kwa sini ya kelele na ya kunong'ona. Ukumbi ukijaa watu sauti humezwa, kwa hiyo pandisheni kidogo.

Mkisikia mlio wa "zzzz" kwenye spika hata filamu haijaanza, chomoeni chaja ya laptopu iende na betri. Mlio ukikata, tatizo lilikuwa hapo.